Hukumu ya Mzee Mazoya

Mjibu alikuwa akijibu. Ndiyo kazi yake, na katika jiji la Dodoma la miaka hiyo hakuna aliyeifanya kwa bidii kumzidi. Alikuwa kijidude cheupe kisichozidi limau, kimegandishwa kwenye dari ya kila sebule, kila ofisi na kila behewa la treni ya sumaku. Ukimwuliza mvua itanyesha saa ngapi, anakwambia, na kweli inanyesha. Dawa ya tumbo, bei ya vitunguu, maana ya kifungu cha mkataba, yote anayo, kwa sauti ya upole ya mtu aliyelala vizuri na kunywa chai.

Nyuma yake, katika vyumba baridi vilivyochimbwa ndani ya vilima vya mawe, zilikaa hifadhidata, yaani maghala makubwa ambamo kila kilichowahi kuandikwa, kupigwa picha au kurekodiwa kilitunzwa. Zamani watu waliingia wenyewe katika maghala hayo kutafuta walichotaka. Siku hizi Mjibu aliingia kwa niaba yao, na kabla hujapepesa macho ametoka na sentensi mbili. Watu walikuwa wamezoea sentensi mbili, na sioni sababu ya kuwalaumu. Ni tamu kujibiwa upesi.

Jumamosi moja, sebuleni kwa Mzee Yohana Chiwanga, sentensi mbili hizo zilivunja posa.

Wageni walitoka upande wa kijana Gwakisa, Wanyakyusa waliohamia jijini siku nyingi. Mshenga alikuwa amekwisha kusema vizuri habari za ua lililoonekana katika bustani ya nyumba hii, soda zimefunguliwa, roboti ya jikoni inazungusha sahani za pilau. Shangazi wa kijana, Mama Tumpe, akainua uso kuelekea dari. Alikuwa mwanamke mnene, mkarimu, mwenye kupenda mambo yaende sawasawa.

"Mjibu," akasema, "hebu tueleze kidogo kuhusu ukoo huu. Babu yake binti alikuwa mtu wa namna gani?"

Alitarajia kusikia sifa ili watu wapige vigelegele. Mjibu akasema, "Mazoya Chiwanga wa Mvumi alishtakiwa kwa wizi wa mbuzi na kwa kumuuza mama mkwe wake. Alikutwa na hatia mbele ya mashahidi zaidi ya mia mbili, na hakujitetea."

Roboti ya jikoni ndiyo pekee iliyoendelea na kazi.

"Uongo!" Mzee Yohana alisimama. "Baba yangu hakuwahi kuiba hata punje ya mtama!"

"Nina vyanzo mia tatu na kumi na viwili," Mjibu akasema kwa upole uleule.

Mama Tumpe aliweka chupa yake ya soda mezani taratibu. "Kila mtoto humtetea baba yake, shemeji," akasema. "Sisi tunaomba turudi nyumbani tukatafakari." Na kila mtu anajua wapeleka posa wakienda kutafakari maana yake nini.

Binti mwenyewe, Wendo, alikuwa mhandisi wa treni, mtu wa kupima kitu mara mbili kabla ya kukiamini. Jumatatu hakwenda kazini. Alikwenda maktaba ya mtaa, ambako Mwalimu Stumai Kibwana alifundisha somo lililokuwa likifa taratibu, Somo la Utafutaji. Shule zilikuwa zimeliondoa, kwa kuwa nani atajifunza kutafuta wakati Mjibu yupo? Darasa la Mwalimu Stumai lilibaki na wanafunzi watatu, mmoja wao akifuata kiyoyozi.

Wendo alimweleza yote akiwa amesimama. Alipofika mwisho, akakaa.

"Gwakisa anasema tuoane tu, shangazi atake asitake," akasema. "Siyo hilo linaloniuma, Mwalimu. Babu ndiye aliyenifundisha kukamua mbuzi. Kila likizo. Alikuwa anaimba wakati anakamua, eti ndipo maziwa yanatoka. Tangu Jumamosi nikimkumbuka, najikuta nauliza, wale mbuzi walikuwa wa nani?" Machozi yakamtoka. "Namkumbuka vibaya, Mwalimu. Mimi! Na baba ameiondoa picha yake ukutani, anasema anaisafisha."

Mwalimu Stumai alimpa leso. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mcheshi, mwenye ulimi wa pilipili kwa watu wavivu, lakini hakuna cha kutania mbele ya mtu anayemlilia babu yake.

"Msibani husikika mengi ya marehemu. Baba yako alikuwa wapi alipofariki?"

"Angani. Alikuwa fundi kwenye kituo cha angani, chombo cha kumshusha kikachelewa, akakosa mazishi. Mimi nilikuwa nimevunjika mguu, nimelazwa hapa mjini, mama yuko kitandani pangu. Tulizikiwa na ndugu na majirani."

"Haya. Tutatafuta. Lakini sitafuti peke yangu na wewe. Mlete huyo shangazi."

"Shangazi? Hatakuja!"

"Atakuja. Mwambie Mwalimu Stumai anasema shangazi hawezi kuthibitisha alichokisikia."

Mama Tumpe alikuja kesho yake asubuhi, mkoba kwapani, amekunja uso. Wendo akamwamkia, "Shikamoo, shangazi," akajibiwa marahaba fupi. "Nimekuja kwa sababu sipendi kuambiwa siwezi," Mama Tumpe akamwambia Mwalimu. "Mjibu amesema. Vyanzo mia tatu. Mnataka nini tena?"

"Tunataka kuviona, dada yangu. Karibu kiti. Kaa wewe kwenye kinanda cha kuandikia, sisi tutaangalia."

"Mimi?"

"Vidole vyako vina kosa gani?"

Mbele yake kulikuwa na kioo cha kizamani na mstari mmoja mtupu, mlango wa kuingilia maghala. Mama Tumpe aliandika kwa kidole kimoja jina la Mazoya Chiwanga. Kioo kikajaa. Matokeo elfu kumi na moja! Kulikuwa na Mazoya mchezaji mpira, Mazoya mwenye kiwanda cha jibini, Chiwanga daktari wa meno wa Singida, na barabara iliyopewa jina hilo, haijulikani kwa nini.

"Sasa huyu ni yupi?" Mama Tumpe akauliza kwa kukereka.

"Ndilo swali. Mjibu huwa hakuulizi, anachagua mwenyewe. Yafunge majina mawili kwenye alama za kunukuu, ghala litafute yakiwa pamoja. Halafu ongeza mahali."

Akafunga, akaongeza Mvumi. Elfu kumi na moja zikawa mia nne. Akaongeza miaka aliyoishi marehemu, aliyotajiwa na Wendo. Zikabaki zile mia tatu na kumi na mbili. Mama Tumpe akaanza kuona utamu wake. "Kumbe ni kama kupepeta mchele," akasema, kisha akakumbuka kwamba amenuna, akanuna tena.

"Umeona? Mia tatu na kumi na mbili, kama alivyosema," akamwambia Wendo. Wendo alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Fungua rekodi tano, zozote," Mwalimu akasema. "Soma mstari wa kwanza wa kila moja."

Alisoma. Ya pili ilikuwa sawa na ya kwanza, neno kwa neno. Ya tatu ilisema habari hizo zimetoka kwenye ya pili. Ya nne ilizichukua kwa Mjibu mwenyewe.

"Hawa wananakiliana!" akasema Mama Tumpe, na safari hii hasira yake ilikuwa imegeuka upande.

"Ukipiga kelele bondeni, mwangwi ukarudi mara tano, waliopiga kelele ni wangapi? Liambie ghala liondoe nakala."

Kulikuwa na kitufe cha kazi hiyo, na karibu watu wote jijini hawakujua kipo. Akakibonyeza. Matokeo mia tatu na kumi na mawili yakapukutika mbele ya macho yao, likabaki moja.

Mwalimu Stumai akawafungulia kwanza ghala la mahakama, akamtaka Mama Tumpe alitafute jina humo pia. Hakuna kesi. Hakuna namba ya jalada, hakuna hakimu, hakuna faini. Wendo alivuta pumzi, lakini Mwalimu akatikisa kichwa. "Kutokuwepo humo peke yake hakutoshi. Bado lile moja. Limetoka ghala gani?"

Mama Tumpe akasogeza miwani. "Ghala la Sauti za Mikoa. Aina: mkutano wa hadhara. Kichwa: Hukumu ya Mazoya Chiwanga. Maandishi yametolewa kwenye sauti na mtambo." Akasoma tarehe kwa sauti.

"Rudia hiyo tarehe, shangazi," Wendo akasema. Akarudiwa. "Hiyo ni siku aliyozikwa babu."

"Wamemshtaki maiti?" Mama Tumpe akashangaa.

"Mtambo ulisikiliza ukaandika maneno," Mwalimu alisema. "Sidhani kama kuna binadamu aliyewahi kuisikiliza. Bonyeza."

Kwanza ulisikika upepo, na vilio vya mbali vya wanawake. Halafu sauti kali ya mwanamke wa Kihehe, akisema kwa nguvu kama anauza samaki:

"Marehemu Mazoya! Unashtakiwa kuiba mbuzi wa Wahehe wote, kuanzia wa babu zetu mpaka wa jana jioni! Unasemaje? ... Mnaona? Kanyamaza! Mwizi kakosa la kujitetea!"

Kicheko kikalipuka, kicheko cha watu wengi sana.

"Na mama mkwe wake alimuuza kwa gunia la mtama! Tena mtama wenye wadudu! Mashahidi wako wapi?"

"Tupooo!" umati ukaitika.

"Basi ana hatia. Na mimi nimelala humu kaburini mwake, hateremki mpaka mnilipe. Wagogo ninyi mna mkono mzito, toeni kitu!"

Mama Tumpe alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Mabega yakamtikisika. Kisha akashindwa, akaangua kicheko mpaka mwanafunzi wa kiyoyozi akaamka.

"Watani!" akapiga kelele. "Maskini mimi, watani! Wahehe na Wagogo! Huyu mjinga wa darini amechukua utani wa msibani akaufanya kesi!"

Ndivyo ilivyokuwa. Mjibu alifundishwa sheria, utabibu na lugha tisini, lakini mtambo uliomwandikia maneno uliviruka vicheko vyote, na bila vicheko utani ni matusi na mashtaka tu. Na watu waliozaliwa na kukua kati ya watani, waliotaniwa kwenye misiba yao wenyewe, waliyapokea maneno hayo kutoka darini bila kuuliza nani alisema, wapi, wakati gani. Hata kwenda Mvumi kuuliza hakuna aliyekumbuka. Ni dakika kumi kwa treni.

Lakini sauti ilikuwa haijaisha. Vicheko vilitulia, udongo ukasikika ukiporomoka, labda mwanamke yule alikuwa akipandishwa kutoka kaburini. Sasa aliongea polepole.

"Nimelipwa, mteremsheni. Mteremsheni polepole, jamani. Mazoya, sasa nani atanitukana sokoni? Eh? Nani?"

Sauti ikakatika.

Wendo alilia bila kujificha, na alikuwa anatabasamu. Alimpigia baba yake papo hapo, akaiweka simu karibu na kipaza sauti, wakairudia yote tangu mwanzo. Mzee Yohana, aliyekosa mazishi ya baba yake kwa sababu ya chombo kilichochelewa, aliyasikia mazishi hayo kwa mara ya kwanza akiwa jikoni kwake. Ilipofika kwenye mtama wenye wadudu walimsikia akicheka. Mwishoni akasema, "Asante, mwanangu. Ngoja nikairudishe picha."

Mama Tumpe alisimama, akamvuta Wendo kifuani. "Jumamosi tunarudi," akasema. "Na nitaongea mimi, mshenga akae pembeni. Nisamehe, mwanangu."

"Yameisha, shangazi."

Wendo aliondoka mbio kumtafuta Gwakisa. Mwalimu Stumai akaanza kuandika taarifa kwa shirika la Mjibu, akiomba rekodi isifutwe bali iwekewe maelezo kwamba ni utani wa msibani. Alipoinua kichwa, Mama Tumpe alikuwa bado amekaa kwenye kinanda. Hakuwa anacheka tena.

"Mwalimu," akasema, "nina mdogo wangu, Sekela. Yuko Tukuyu. Mjibu aliniambia aliuza shamba la chai la baba kwa siri. Nilimwuliza Mjibu nikiwa jikoni, napika. Akasema sentensi mbili. Tangu siku hiyo sijaongea na Sekela." Alitazama mstari mtupu kwenye kioo. "Mama yetu alipougua nilikwenda siku ambazo yeye hayupo. Nilikuwa napanga kabisa, nisikutane naye. Nataka kutafuta. Naanzia ghala gani? La ardhi?"

Mwalimu Stumai aliweka kiganja chake juu ya mkono wa Mama Tumpe kabla haujagusa kinanda.

"Sekela yuko hai?"

"Yuko hai."

"Namba yake unayo?"

Mama Tumpe alifungua mkoba, akatoa simu. Namba alikuwa anaijua kwa kichwa, akaipiga. Ikaita mara nyingi, na Mwalimu alikuwa amekwisha kuinuka ili amwachie nafasi, pale sauti ya upande wa pili iliposema haloo kwa wasiwasi.

"Sekela," akasema Mama Tumpe. "Ni mimi, dada yako. Usikate. Kuna jambo nilipaswa nikuulize wewe kwanza."