Jini Asiyejua Kifaransa

Watu wa Kailo watakwambia jambo hili lilitokea kwao. Waache. Kailo hata uongo wanakuja kuutafuta Kindu. Ilikuwa hapa hapa Kindu, mtaa wa Mikelenge, nyumbani kwa Mama Tshiela, mjane wa fundi wa reli aliyetoka Kasai, na ilianza na harufu tu.

Ilinuka esanse, petroli ya magari. Jumapili, watu wametoka misa, jua liko katikati ya kichwa, nyumba nzima ikanuka kama mtu amemwaga bidoni ya esanse sebuleni. Na nyumba ile haikuwa na pikipiki wala jenereta. Televisheni yake ilikula jua kutoka kwenye pano moja juu ya bati, bila betri, hata wingu likipita picha inakufa.

"Nani ameingiza esanse ndani?" Mama Tshiela aliuliza kutoka uani, mikono imejaa majani ya muhogo ya kupika sombe.

"Hapana muntu, mama," Didier mwanawe alijibu. "Miye niko na kaseti tu."

Kaseti hiyo ndiyo habari yenyewe, basi nyamaza nikueleze, maana wengine huanzia katikati na kumpoteza mtu njia.

Miaka ya vita, mji ulipozungukwa na gari la moshi likaacha kuja, palikuwa na nyumba ya video karibu na soko, mabenchi manane na televisheni moja. Mwenyewe aliitwa Tshimpaka. Alikuwa na kaseti za katuni ya zamani iliyotolewa kwenye mchezo wa video, ile michezo ya kubonyeza ambayo Kindu tuliisikia kwa masikio tu. Msichana mzamiaji, kofia ya manjano, anashuka chini ya ziwa kupita milango saba. Kwenye pembe ya picha kulikuwa na mioyo mitatu myekundu, kama kwenye mchezo wenyewe. Akipigwa, moyo mmoja unazimika.

Katuni ilisema Kifaransa, na watoto wa mabenchi walijua Kifaransa cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni, basi. Kwa hiyo Tshimpaka alisimama kando ya televisheni na fimbo, akatafsiri. Nimesikia watafsiri wengi maishani, hadi wa bungeni kwenye redio. Hakuna aliyemfikia yule. Kila siku alimpa mzamiaji jina la mtoto mmoja aliyeketi pale, na sheria ilikuwa moja: akiita jina lako, uitike "Abee!" kwa sauti. Usipoitika, anakunja mikono na hadithi inasimama.

Siku ya mwisho jina lilikuwa la Déborah, dada mdogo wa Didier, miaka saba. Mzamiaji akafika mbele ya mlango wa saba. Tshimpaka akainua fimbo, akaita, "Déborah!" Risasi zikajibu badala yake. Watoto walipita madirishani kama panzi. Tshimpaka alirudi nyuma kuzima jenereta, bidoni ya esanse ikashika moto, naye hakutoka. Kaseti ilitolewa ndani ya mashine iliyoyeyuka nusu, yenyewe nzima, haina hata alama ya moshi. Hapo tu mtu mwenye akili angeitupa mtoni.

Lakini dada yake Tshimpaka aliiweka kwake Lokandu katika sanduku la bati miaka zaidi ya ishirini. Na Didier, ambaye siku ile naye alikuwa benchini na sasa anafanya kazi reli, yaani anangoja gari la moshi linalokuja likipenda, alikuwa na muwasho mmoja tu duniani: nyuma ya mlango wa saba kuna nini? Kila akinywa chupa mbili aliuliza watu. Yule dada wa marehemu alipochoka kusikia, akampa.

Ndiyo hiyo Jumapili. Didier alisukuma kaseti ndani ya mashine ya video, picha ikacheza-cheza, kofia ya manjano ikatokea. Akacheka peke yake kama mtoto. Halafu kicheko kikamkauka. Juu ya Kifaransa cha katuni kulikuwa na sauti nyingine, ya mwanamume, inatafsiri kwa Kiswahili, na ilikuwa sauti ya Tshimpaka na kikohozi chake. Sasa fikiri mwenyewe: Tshimpaka alisema kwa mdomo, kando ya televisheni. Nani alimrekodi?

Mzamiaji akafika mlango wa saba.

"Déborah!" sauti ikaita.

Déborah alikuwa uani, anachambua sombe na mama yake. Mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mwalimu wa Kifaransa wa shule ya msingi, hodari kweli, anasahihisha hata barua za padri. Mdomo ukamtangulia.

"Abee!"

Moyo mmoja ukazimika kwenye pembe ya picha. Kaseti ikakwama.

"Umemwitikia nani?" Mama Tshiela alinong'ona.

"Sijue, mama. Imetoka yenyewe."

Jumatatu Déborah alisimama mbele ya wanafunzi, akashika chaki, akafungua mdomo kusalimia darasa. Salamu haikuwapo. Alirudi nyumbani mapema, akamvuta kaka yake nyuma ya jiko.

"Ya Didier, kaka yangu, usiambie mama. Maneno yanapotea. Asubuhi nilitafuta lile neno la kusalimia, lile la Kifaransa, sikulipata. Nikatafuta la dirisha. La kitabu. Naona fasi yalipokuwa, ni kama meno yameng'oka."

"Umechoka, dada. Kazi mingi."

"Kuchoka kunachagua lugha? Kiswahili kiko. Tshiluba ya mama iko. Kifaransa tu."

Na hapa nitamsema Didier bila kumwonea haya, ingawa tumekunywa pamoja: alijua, na bado alitaka kuona mlango. Jumatano, mama yuko sokoni na dada yuko shuleni, akajifungia sebuleni, akairudisha kaseti nyuma. Alijiambia kwamba Déborah yuko mbali, avenyu nne, hawezi kusikia.

Harufu ya esanse ikaja kabla ya picha. Sauti ikatafsiri, ikakohoa, ikafika mlangoni, ikaita. Didier akashika pumzi. Na kutoka ndani ya televisheni, si uani, si barabarani, ndani ya kile kisanduku chenyewe, dada yake akaitika, "Abee!", kwa sauti yake ya ukubwa, sauti iliyozoea kusema na watoto arobaini, na moyo wa pili ukazimika, na safari hii kaseti haikukwama bali ikasogea, mlinzi wa mlango akaanza kusema Kifaransa, na ile sauti ya Tshimpaka, ambayo siku zote ilikomea hapo, ikaendelea kutafsiri polepole, neno kwa neno, ikirudia kila sentensi mara mbili kama mwalimu anayeandikisha imla.

Didier aling'oa waya wa pano. Televisheni ikabaki inawaka. Akapanda bati akaigeuza pano uso chini, mvua ikaanza kunyesha juu ya mgongo wake, akashuka akichungulia dirishani: inawaka. Ikazima yenyewe ilipopenda.

Jioni direkta wa shule alimleta Déborah kwa mkono. Alikuwa ameitika "Abee!" katikati ya somo bila mtu kumwita, kisha akakaa chini. Hakubakiwa na neno hata moja la Kifaransa. Alilitazama daftari lake mwenyewe, maandishi yake mwenyewe, kama kuku anavyotazama gazeti.

Usiku ule ule Mama Tshiela aliita kwanza watu wa kanisa, wakaomba hadi sauti zikakatika. Harufu haikutoka. Ndipo akajifunga kikwembe kiunoni vizuri, akaenda kwa Mwalimu Ayoubu, Mwislamu mzee wa kizazi cha Kasongo anayefundisha Kurani nyuma ya msikiti. Alimkuta anakula.

"Mwalimu, sisi batu wa Kasai hatuna majini," alisema mlangoni.

"Ni kweli, mama. Wa hapa ndio wanakuja kwenu. Ingia."

Ayoubu alikuja, akafukiza ubani, akaandika kombe kwenye sahani nyeupe, akalizimua kwa maji, Déborah akanywa. Kisha akaketi mbele ya televisheni iliyozimwa, akazungumza nayo chini chini kwa muda mrefu. Alipogeuka, alikuwa karibu kucheka, na hilo liliwatisha kuliko kama angelia.

"Tshimpaka amelala, msimsingizie," alisema. "Huyu ni jini. Alikuwa anaketi benchi la nyuma, siku zote, pamoja na watoto. Aliipenda hadithi. Nyinyi mlikimbia, yeye akabaki hapo anangoja. Ameazima sauti ya marehemu kwa sababu hana nyingine ya kutafsiri."

"Na mutoto wangu ana kosa gani?" mama aliuliza.

"Hana. Jini huyu ni wa Maniema, mama. Anajua Kiswahili, anajua Kiarabu. Kifaransa hajui. Sasa amepata mtu anayekijua, na aliyeitika. Anachota kwake."

"Moyo umebaki mumoja," Didier alinong'ona. "Ule wa tatu ukizimika?"

Ayoubu alimtazama Déborah, aliyekuwa anakunja na kukunjua vidole.

"Maneno yamekwisha. Kitakachobaki cha kuchukua ni mwenye maneno."

Kwa dawa aliyoitoa mimi nilimsifu, na simsifu mtu ovyo. Alisema: jini huyu hana njaa ya damu, ana njaa ya mwisho. Mpeni mwisho wake, lakini atafsiri mtu mwingine, mtu anayeitaka kazi hiyo, asiwe na haja ya kuchota. Wote wakamgeukia Didier.

"Kifaransa changu ni cha gari la moshi!" alisema. "Ondokeni mlangoni, tiketi zenu, basi!"

"Ulifungua wewe," mama yake akamwambia. "Utafunga wewe."

Alhamisi, jua kali, pano imerudishwa. Déborah aliketi benchini kati ya mama yake na Ayoubu. Mama alimfunga mdomo kwa kikwembe, mafundo mawili, huku akimbembeleza kwa Tshiluba kama anamnyonyesha. Didier alisimama kando ya televisheni. Alishika mwiko, maana mkono ulitaka kitu.

Harufu ikajaa hadi macho yakawasha. Kofia ya manjano ikashuka majini. Sauti ya Tshimpaka ikaanza, na Didier akaanza juu yake, akipitisha Kiswahili chake mbele ya kile kingine, na taratibu ile sauti ya marehemu ikapungua, ikawa mnong'ono, ikanyamaza ikasikiliza, na sebuleni wote wanne walijua kwamba kuna wa tano anayesikiliza, kwa sababu benchi lililia upande ambao hapakuwa na mtu.

Mlango wa saba.

"Déborah!"

Déborah akaruka. Mama akamkumbatia kwa nguvu zote. Kikwembe kikapanda na kushuka, lakini hakuna kilichotoka. Moyo wa tatu ukabaki mwekundu.

"Endelea," Ayoubu akasema.

"Mulinzi anasema... anasema aliyefika hapa anaweza kuingia. Anasema usiogope maji. Muzamiaji anashika kufuli. Mulango unafunguka. Iko mwangaza. Mwangaza mingi. Anaweka muguu..."

Picha ikawa nyeupe. Muziki ukapanda. Na kwenye ule weupe yakatokea maneno mawili madogo ya Kifaransa.

Didier aliyajua. Hata mtu wa gari la moshi anayajua. Alitazama kama kuna kitu kingine kwenye utepe. Kulikuwa na mchanga wa kijivu tu unaocheza nyuma ya maneno yale. Kaseti iliyofuata ingekuja na gari la moshi, na gari la moshi lilikatwa na vita, na katuni yenyewe, nani anakumbuka hata aliyeichora? Alimtazama mama yake. Alimtazama dada yake juu ya kikwembe, macho yake makubwa, na jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye mwiko, na kama angekuwa na saa moja ya kufikiri labda angefikiri kingine, lakini hakuwa nayo, benchi lilikuwa linalia, mtu mzito alikuwa anainama mbele ili asikie vizuri.

"Imeandikwa: Mwisho," Didier alisema. "Muzamiaji alirudi kwao. Hadithi imekwisha. Asanteni, mwende nyumbani."

Harufu ikapungua. Mama Tshiela akaanza kulia kwa furaha, Ayoubu akainua mikono kuomba dua ya kushukuru.

Moyo wa tatu ukazimika.

Fundo la kikwembe lililegea lenyewe, la kwanza, la pili, nguo ikaanguka mapajani mwa Déborah ikiwa imelowa esanse. Aliinua shingo, akasoma kioo. Alikisoma kwa Kifaransa safi, kila herufi mahali pake, kile cha kusahihisha barua za padri, ila koo lilikuwa la mwanamume mwenye kikohozi.

"À suivre," alisema. Kisha kwa Kiswahili, kwa upole kabisa: "Itaendelea. Mwongo wewe, Didier."

"Déborah!" mama akapiga kelele. "Déborah, mutoto wangu!"

Hakuitika.

Ayoubu alikunja sahani zake ndani ya kitambaa. Akaelekea mlangoni, na huyu ni mtu aliyetoa majini tangu Kabambare hadi Pangi.

"Mwalimu, unaenda wapi?" Didier alimshika kanzu.

"Anayetaka mbuzi namuweza. Anayetaka mwanamke namuweza," alisema. "Anayetaka kinachofuata, kaka, mimi nitakitoa wapi?"

Televisheni ilikuwa imezima. Jua lilikuwa bado linawaka mlangoni, jirani alikuwa anatwanga, kuku walikuwa wanapita. Yule aliyekuwa Déborah aliweka mikono miwili magotini, kama mtoto mtiifu, akakitazama kioo cheusi. Baada ya muda alisogea pembeni kidogo, akapigapiga nafasi aliyoiacha kwenye benchi.

"Ikaa, Didier," alisema. "Tungoje wote."