Midomo ya Bluu

Nilikuwa nimefika katikati ya somo la kwanza, pale nabii anapoanza kukasirika, nikaona watu wengi kanisani wameinamisha vichwa. Nikajipongeza moyoni: Syauswa, leo umewagusa. Ndipo katoto ka mstari wa mbele kakamuuliza mama yake, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye ngoma za chorale, kwaya yetu:

"Mama, ule papa mwenye kusoma alikula bic?"

Hawakuwa wanasali. Walikuwa wanacheka ndani ya vitambaa vyao. Nikapangusa mdomo kwa kiganja, kiganja kikatoka bluu kama wino wa bic, zile kalamu za bei rahisi za wanafunzi. Nikapangusa tena kwa mkono wa shati jeupe la Jumapili, na shati nalo likaenda. Nikamaliza somo nimejiziba kwa kitabu mpaka puani, kama mtu anayechungulia kwa jirani. Bibi yangu wa ndoa, Emérence, aliyekuwa kwenye safu ya sauti ya kwanza, alikuwa anatazama mabati.

Tulipotoka, hakuniuliza kitu mpaka tumevuka barabara.

"Ulifanya nini mudomo yako?"

"Jana nilinyonya kalamu. Ilikuwa imeziba."

"Siku ingine ukisikia njala, useme."

Wenzangu, wafanyabiashara wa Butembo, huku mashariki mwa Kongo, wakienda Guangzhou au Dubai wanarudi na makontena ya vitenge na vipuri vya pikipiki. Mimi nimelala hoteli hizo hizo, nimepotea kwenye viwanja vya ndege hivyo hivyo, na nimerudi na kalamu za wino: kuukuu, mpya, zilizopasuka, zilizokosa kifuniko. Nimemweleza Emérence mara nyingi kwamba kalamu ya wino ina ncha ya dhahabu, ina umri, ina tabia yake. Ananisikiliza kwa heshima yote, kisha anawaambia wageni, "Bwana yangu ni commerçant. Anauzisha bintu, ananunua mabic."

Ile niliyoinyonya niliipata sokoni Beni, kwenye turubai lenye makufuli na redio zilizokufa. Ilikuwa nyeusi iliyogeuka rangi ya majani makavu, na hapo ndipo mtu wa kalamu anaposoma umri: mpira mgumu wa zamani ukipigwa na mwanga miaka na miaka, weusi wake hukimbia hivyo. Ubavuni ilikuwa na kijiti cha chuma. Ukikiinua kijiti, kinabana kifuko cha mpira kilicho ndani. Ukikiachia, kifuko kinavimba na kuvuta wino. Nikaipa miaka mia, nikaipenda papo hapo. Kifuko chake kilikuwa kimekauka kama mavi ya mbuzi, nikakikwangua kikatoka vipande vipande. Njia ya wino ikawa bado imeziba. Nikaweka ncha mdomoni, nikavuta.

Haukuja wino. Ilikuja hewa, baridi, nyingi kuliko inavyoweza kukaa ndani ya kitu chembamba vile. Nikakohoa, nikaendelea na kazi.

Sasa, Jumapili ile, nikisugua ulimi kwa sabuni, akili ikaanza kunirudia. Kalamu ilikuwa imelowekwa mpaka maji yake yakawa safi kabisa. Na mimi natumia wino mweusi tu. Nyumba yetu yote pale Bulengera haikuwa na tone moja la bluu.

Mtu mwenye busara angesimama hapo. Mimi niliitengeneza. Nilikata puto refu lililobaki kwenye sherehe ya ubatizo, nikalifanya kifuko kipya, na kalamu ikavuta maji vizuri sana. Wiki ile ile akapita Blaise Ngalula, mkaguzi wa shule, mtu wa Kasai aliyetumwa kufanya kazi Beni, na kichaa mwenzangu wa pekee wa kalamu mkoa huu. Tukabishana umri. Yeye aliipa miaka themanini, mimi mia, na kila mmoja akamwonea mwenzake huruma. Mwishowe tukabadilishana: akanipa ya Kijapani aliyokuwa nayo mfukoni, ya kisasa, inayong'aa, akashuka Beni na ile yangu. Sikujua kwamba amechukua nyumba na kuniachia mpangaji.

Ilianza na mpira wa miguu wa majirani uliolala uani kwetu. Asubuhi tuliukuta umebonyea, umekuwa kama kofia, na haukuwa na tundu. Halafu Emérence akaniita kutoka jikoni kwa sauti ndogo. Bidon la njano la maji, tupu, limefungwa kifuniko, lilikuwa linajikunja lenyewe. Mbavu zake ziliingia ndani taratibu, krrr, zikasimama, zikaingia tena, kama kuna mtu amelala humo anavuta pumzi na hana nia ya kuitoa, na kila lilipojikunja tulisikia fyuu, fyuu, sauti ya mtoto anayenyonya titi lisilo na maziwa.

"Unaiona?" akaninong'oneza.

"Ni baridi ya asubuhi. Plastiki ikipata baridi..."

"Syauswa. Usinidanganye."

Kisha ikaja harufu ya tairi linaloungua, na Butembo harufu hiyo ina maana moja tu. Mama Joyeuse wa duka la kona akafunga milango, pikipiki zikageuza, mtaa mzima ukajifungia ndani kungoja ville morte, mgomo wa mji mzima, ambayo hakuna aliyeiita. Mimi nilizunguka nyumba nikitafuta tairi. Harufu ilikuwa inatoka chumbani kwetu, kwenye mto, upande wa Emérence.

Kwenye mazoezi ya chorale sauti yake ilikatika katikati ya noti ndefu, ile ambayo kila Noeli watu huja kuisikia. Akajaribu tena, ikakatika mapema zaidi. Haukupita muda akawa hapandi kilima cha kwetu bila kuketi njiani, na jioni moja, umeme umekatika, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, nikawasha mshumaa nimpe chai, nikainua kikombe mpaka kinywani pake, na kwenye mwanga ule mdogo nikaona midomo yake, midomo ambayo haijawahi kugusa kalamu yoyote ya kwangu, ikiwa ya bluu, bluu ile ile iliyowachekesha watu kanisani, na kila alipovuta hewa kifua hakikuvimba bali kiliingia ndani, taratibu, ubavu kwa ubavu, kama bidon, na kutoka ndani kabisa, nyuma ya moyo wake, nikasikia fyuu, fyuu.

Hospitalini walisema mapafu ni safi. Daktari alipangusa midomo yake kwa pamba. Pamba ikabaki nyeupe. Akaangalia kile kimashine cha kidoleni kinachopima hewa ya damu, akaacha kuongea nasi, akaanza kuongea na wauguzi. Wakamwekea oksijeni. Mtungi uliopaswa kutosha mpaka kesho yake uliisha kabla ya chakula cha mchana, na mwingine haukuwepo. Tukarudi nyumbani.

Ndipo akaja tantine Kasonia, shangazi yake Emérence, kutoka Alimbongo, juu ya lori la viazi. Huko kwao, mambo ambayo mapadri huyarudisha kwa adabu huishia mlangoni kwake. Aliweka sikio kwenye mgongo wa Emérence, akasikiliza kama mtu anayesikiliza ugomvi wa chumba cha pili. Kisha akanijia, akaninusa mdomo.

"Ulivuta nini?"

Nikamweleza.

"Kilipita kwako kwanza," akasema polepole, asisikike kitandani. "Mais lakini mu kifua yako ni moshi tupu, sigara ya miaka yote. Nani atakubali kulala mule? Kikajaribu mupira, kikajaribu bidon. Halafu kikasikia huyu anaimba."

"Ni jini?"

"Bengine banaita jini. Siye tunaita mulimu. Kyenyewe hakiulizake jina. Kinatafuta fasi yenye inajaa, inaisha, inajaa tena."

"Kilitoka wapi?"

"Sijue. Nyumba yake, ile kalamu, iko wapi?"

"Iko Beni," nikasema, na sauti yangu mwenyewe ikanitia haya.

"Basi donc, unafanya nini hapa?"

Nilishuka kwa pikipiki, baridi ikibaki nyuma, mpaka kwenye joto na kakao iliyoanikwa kando ya barabara. Ngalula alikuwa barazani kwake, amekunja mikono ya shati, anaandika ripoti kwa kalamu ile ile.

"Ah non," akasema kabla sijaketi. "Tulibadilishana. Ilikwisha."

"Ngalula, bibi anakufa."

"Na kalamu itamufanyia nini? Ni dawa?"

Nikampigia tantine, nikamwomba aweke simu kinywani pa Emérence, nikampa Ngalula asikilize. Alisikiliza muda mrefu. Akaondoa simu sikioni, akaitazama kalamu mkononi mwake, akailaza mezani kwa vidole viwili kama mtu anayeweka kisu.

"Ile sauti," akasema, karibu bila sauti. "Kila nikijaza wino naisikiaka. Nilisema ni puto yako."

"Unipatie."

"Chukua." Kisha, kwa kuwa kichaa ni kichaa, akanishika mkono. "Mais uniapie itarudi."

Niliapa. Siku ile ningeapa chochote. Tukaosha wino wake kwenye beseni, tukibonyeza kijiti mpaka maji yakawa safi, na hakuna kati yetu aliyetaja tena umri.

Nilifika nyumbani mvua ya alasiri ikipiga mabati hata tukawa tunasemezana sikioni. Tantine alimkalisha Emérence, akamshika kichwa kwa nyuma. Hakuwa anaongea tena. Macho yake tu yalikuwa yananifuata, na tangu tuoane hajawahi kuitazama kalamu bila dharau namna ile.

"Unabonyeza mara ngapi?" tantine akauliza.

Hapo nikaelewa nilipo. Wino tunaujaza mara tatu: unainua kijiti, unaachia, unainua tena, maana mvuto wa kwanza hupata nusu. Lakini hapa nikiinua mara ya pili, nitakuwa nimemrudishia kile kitu chote kifuani.

"Mara moja," nikasema.

Nikainua kijiti, puto likabanwa, nikaweka ncha katikati ya midomo ile baridi, nikaachia, si kwa haraka kama wanavyoachia wasiojua wakapata povu, bali kidogo kidogo, na mwanzoni hakuna kilichotokea, mvua tu, na kifua chake kikaendelea kuzama, kikazama mpaka nikadhani hakitapanda tena, kisha kitu kikasogea chini ya koo lake, kikubwa kama ngumi ya mtoto, na koo likameza, likameza tena, lakini likameza kuelekea juu, na meno yake yakagonga dhahabu, na kalamu ikawa nzito mkononi mwangu, nzito na baridi kama samaki, na harufu ya tairi ikajaa chumba chote mpaka tantine akafumba macho, nami sikuitoa, kwa sababu kosa la kila anayejaza kalamu ni kuitoa mapema, nikangoja, nikangoja, mpaka kile kitu kikaacha kuvuta.

Nikaitoa. Emérence akavuta pumzi. Ilikuwa mbaya, yenye kukwaruza, iliyojaa makohozi, na hakuna wimbo wowote wa chorale niliowahi kuupenda hivyo.

"Inanuka," akasema.

Nilifunga kijiti kwa waya wa shaba, nikaizamisha ncha kwenye nta ya mshumaa uliobaki wa Pasaka.

"Niizike?" nikamuuliza tantine.

"Hapana. Usizike, usichome, usitupe mu mutoni. Uliifungua weye, utailinda weye." Na akaomba lori la kurudi Alimbongo kabla ya giza. Hata chai hakunywa.

Niliiweka ndani ya bati la biskuti, juu ya kabati. Midomo ya Emérence ikarudi rangi yake. Noeli ilipofika aliimba ile noti ndefu mpaka mwisho, na mimi nilisoma somo na mdomo safi, na hakuna aliyenisikiliza. Lakini nikipita karibu na kabati, huwa nasimama. Wiki iliyopita nililikuta lile bati limebonyea kifuniko, kuelekea ndani.

Na mimi ndiye mtu wa kujua umri wa vitu. Kifuko cha kwanza, cha mpira wa kweli, kilidumu miaka mia. Puto la sherehe? Nimeyaona mengi ukutani baada ya ubatizo. Mwaka, labda miwili kama halipati jua, kisha linaanza kunata, kisha linapasuka. Kifuko kizuri naweza kukiagiza. Ila ili kukiweka, lazima mtu aifungue kalamu.

Nilikuwa nimesimama hapo, nalitazama bati, simu yangu ilipolia mezani. Emérence, aliyekuwa anachambua maharagwe, akaipokea na kuifungua spika ili sote tusikie.

"Papa Syauswa," ikasema sauti ya Ngalula. "Batu banatuambia mpaka huku Beni, bibi anaimba tena. Tunamushukuru Mungu. Mais uliniapia. Niko na ripoti ya kuandika, kalamu yangu iko wapi?"

Juu ya kabati, chini kabisa ya kelele za mtaa: fyuu.

Emérence naye alikuwa amesikia. Akaacha maharagwe. Akasogeza simu karibu, akavuta pumzi, ndefu, mpaka chini, ile anayoivuta kabla ya kuimba Gloria.

"Andika na bic," akasema, akakata.