Gati Lililopimwa kwa Reki

Maneno ya dukani kwa mwoka mikate yalikuwa haya: Wendell Pacheco, yule mchora magati, hampendi mwanamke bure. Humpenda mwenye ua unaopakana na maji anayoyataka. Miezi mitatu alionekana kwa mjane mmoja ng'ambo ya ghuba, na kazi ya gati la pale ilipokwisha, hakuonekana tena. Idalina Barros aliyasikia akiwa ameshika mkate mtamu bado wa moto, akacheka. Lakini maneno yale yalimfuata nyumbani, yakalala naye, yakaamka naye. Alikuwa ameshampenda.

Walikuwa wamekutana mwezi Mei, Jumamosi, kwenye soko la bandarini New Bedford, watu wamejaa hata upepo hauna pa kupita. Idalina alikuwa nyuma ya meza ya kombe, wale wa magamba mawili, aliowachimba topeni mwenyewe kwa reki ndefu. Alivaa gauni la manjano, juu yake aproni ya mpira, na nywele kazifunga kwa kitambaa cha buluu. Wendell alirudi nyuma kumpisha mama mwenye kigari cha mtoto, akatumbukiza kiatu chake cha ngozi ndani ya ndoo.

"Hiyo ndoo ni ya kuuza," Idalina alimwambia. "Ukishaikanyaga, umeinunua."

"Na kiatu je?"

"Kiatu nitakutolea bure. Ila kombe wameshakipenda."

Akanunua ndoo nzima, na kupika hajui. Jioni alipiga namba iliyoandikwa kwenye ubao wa meza, akauliza wachemshwe muda gani. Kesho yake akauliza kama kitunguu ni lazima. Siku ya tatu hakuwa na swali. Alipiga tu, wakasikilizana pumzi kama watu waliolala chali wakitazama mawingu.

Juni ikapita hivyo, nusu usingizi, nusu macho. Walitembea kwenye fukwe za mbali, viatu mkononi, chumvi ikiwakaukia miguuni. Jambo moja tu lilimchoma Idalina: kila alipomkaribisha kwao, Hori la Sibley, ule mkono mdogo wa bahari, Wendell alipata udhuru.

Julai ikaja barua ya halmashauri kwa majirani. Bwana Thurlow, wa nyumba ya pili, anaomba kujenga gati. Ramani iliambatanishwa, na pembeni jina la mchoraji: W. Pacheco. Gati lile lilikata ufukwe kwa kimo cha kiuno, ilhali huku kwetu mwenye reki au ndoana ana haki ya kupita ufukweni tangu enzi za mababu, hata mbele ya nyumba ya tajiri. Na chelezo lake, lile jukwaa la kuelea, lilikaa juu kabisa ya nyasi za bahari, pale samaki wadogo na kombe wachanga wanapojificha. Njia ile ikizibwa, na nyasi zile zikifa, Idalina hana kazi.

"Mwanangu," mama yake, Zulmira, akasema taratibu, "wamesema mchana kweupe, hukutaka kusikia."

Simu iliita mara kumi na moja. Idalina aliitazama tu.

Siku ya kikao aliingia ukumbini ametoka majini, buti za mpira chini ya gauni jeupe. Alieleza bila kupaza sauti kwamba mbao zilizobanana huzinyima nyasi jua zikafa, na kwamba chelezo linalokaa juu ya tope maji yakipwa huponda kila kilicho chini yake. Mwenyekiti akamgeukia Wendell. Ramani yako inaonyesha tope tupu, akasema, nyasi ziko wapi?

"Nilipima Februari," Wendell akajibu.

Ukumbi mzima ukacheka. Hata watoto wa huku wanajua kwamba wakati wa baridi nyasi zile hupukutika, zikabaki mizizi chini ya tope.

"Ni kosa langu," akasema. "Naomba kuiondoa ramani hii."

Nje, kwenye ngazi, Idalina alimsubiri.

"Ulijua pale ni kwetu?"

"Nilijua wiki ya tatu. Ramani nilishaichora kabla sijakuona. Nikaogopa utadhani nimekufuata kwa ajili ya gati."

"Na yule mjane?"

"Shangazi yangu. Nilikuwa nang'oa gati lake bovu."

"Miezi mitatu?"

"Nguzo arobaini na mbili, Idalina. Na shangazi anapika."

Alitaka kucheka, akajizuia. "Kesho maji yakipwa, njoo. Na usije na hivyo viatu vyako."

Akaja. Ukungu ulikuwa umelala juu ya hori, nyasi zikiwapapasa vifundo vya miguu kama nywele za mtu aliyelala. Wendell alichomeka vijiti pale zinapoishia. Kisha akamwomba Idalina asimame mchangani, reki begani, kama anavyokwenda kazini, akapima kutoka mchanga mpaka ncha ya reki.

Gati jipya likachorwa kwa kimo hicho: jembamba, refu kwenda juu, mbao zenye nafasi za kupitisha jua, chelezo lenye miguu ng'ambo ya nyasi, na gati moja kwa nyumba mbili, ya Thurlow na ya kina Idalina. Bwana Thurlow alinuna wiki mbili, akakubali.

Mei iliyofuata Idalina alipita chini yake, reki begani. Upande wa pili Wendell alikuwa amesimama, maji kwenye magoti.

"Umepita bila kuinama?"

"Bila kuinama."

"Basi nikuoe hivyohivyo. Usiniinamie hata siku moja."

Idalina alitua reki chini, akamfuata majini.

Ninyi mnaokaa karibu na maji, na ninyi mnaopenda, jiepusheni na haya:

Kupima hori wakati wa baridi.
Kujenga juu ya nyasi, au kubananisha mbao.
Chelezo linalokalia tope.
Magati mawili panapotosha moja.
Gati linalomrudisha mpita njia.
Kumficha mpenzi jambo ambalo posta italileta.