Wasia wa Baba Hawa

Kindu nzima ilimwita Amuri Baba Hawa, ingawa hakumzaa Hawa. Yeye na mkewe Aziza walimchukua akiwa mchanga, mama yake alipofariki. Wakamlea kwa uji wa mchele na mapenzi tele. Sasa Hawa alikuwa msichana mkubwa. Kila asubuhi alikwenda na baba yake kufukuza ndege kwenye mpunga, wakishindana kupiga kelele. Baba alishindwa kila siku, na bado alijisifu!

Siku moja wakila, Amuri alisema, "Mwanangu, nikifa, shamba la kijitoni njo lako."

"Nani amesikia?" Aziza akauliza. "Mimi na kuku hawa?"

Jirani yao Hamadi, mwalimu wa chuo cha Kurani, alikuwa akipiga hodi. "Mimi nimesikia. Lakini shahidi mmoja hatoshi. Fanya wasia, Baba Hawa."

"Wasia ni wa mgonjwa! Unanizika na wali bado mdomoni?"

"Kifo hakingoji wasia, ndugu yangu. Kwa sheria yetu, mtoto wa kulea harithi. Usipoacha wasia, mali yote ni ya mkeo na mdogo wako Masudi. Hawa hapati hata punje."

Amuri aliacha kutafuna. "Huyu mutoto wangu? Basi nampa yote!"

"La. Wasia haupiti theluthi ya mali. Shamba la kijitoni halifiki theluthi, hilo unaweza kumpa. Tamka mbele ya mashahidi wawili waaminifu, wasio warithi wako. Na Masudi umwambie mapema."

Baada ya sala ya Ijumaa, Amuri aliwatembeza majirani wawili kwenye mipaka ya shamba, akatamka wasia wake. Kesho yake aliamka mzima. "Aziza, sijafa! Leta wali!"

Aliishi mavuno mengi. Alipofariki, Masudi alikuja kutoka Nyangwe. Mashahidi wakasema walichosikia.

"Kaka aliniambia," Masudi alijibu. "Neno lake silivunji." Akachukua fungu lake, na Aziza lake.

Asubuhi ndege walishuka shambani. Hawa alisimama peke yake akilia, bila kupiga kelele. Masudi akakunja kanzu, akaingia kwenye mpunga, akapiga kelele mbaya kweli kweli. Ndege wakaruka wote.

"Nimekushinda?" akauliza.

Hawa alifuta machozi, akacheka. "Bado, baba mdogo. Hata baba hakuniweza."