Niliona, Nikanyamaza

Kioo cha dirisha la duka hakibebwi na mtu mmoja. Ni kirefu kuliko mlango, ni kizito, na kingo zake zinakata kama wembe. Kwa hiyo Fundi hakuwahi kufanya kazi peke yake. Kwa miaka kumi na mmoja alishirikiana na shemeji yake, kaka wa mkewe. Watu walimwita shemeji huyo Kipimo, maana hakukata kioo kabla hajakipima mara tatu, hata mteja akinuna.

Walipobeba kioo, midomo yao haikutulia.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

"Kizingiti hicho nyuma yako."

"Haya, nimekisikia."

"Basi polepole, shemeji. Unakimbilia wapi, umeacha chungu jikoni?"

Walicheka, lakini kazi haikulala. Anayerudi kinyumenyume haoni anakokwenda. Anategemea mdomo wa mwenzake.

Kisha ukaja mwaka wa uchaguzi. Vyama vikubwa vilikuwa viwili, Kengele na Daraja. Fundi alikuwa Kengele. Kipimo alikuwa Daraja. Miaka ya nyuma jambo hilo lilikuwa la utani tu. Mwaka huu utani uliisha.

Ilianzia kwenye kundi la simu la familia. Fundi alituma picha ya kumcheka mgombea wa Daraja. Kipimo akajibu, "Kengele ni kelele tupu. Hamna akili." Fundi akaandika, "Bora kelele kuliko wasaliti wanaotaka kuiuza nchi." Shangazi aliwaomba wanyamaze. Wakamgeukia na yeye. Hakuna aliyeomba radhi.

Karakana yao haikufungwa, kwa sababu watoto walihitaji kula. Lakini wanaume hao wawili hawakusemezana tena. Vipimo waliandikiana kwenye kipande cha boksi. Mmoja aliandika, mwingine akasoma, basi.

Mtaani mambo yalikuwa hayo hayo. Vinyozi walikuwa wawili, na sasa kila kinyozi alikuwa na vichwa vya chama chake. Mtu wa Daraja alikuwa radhi nywele zimfunike masikio kuliko kunyolewa na Kengele. Majirani waliozoea kusalimiana, sasa wakikutana walijifanya wanatafuta kitu mfukoni. Shuleni, watoto walikataa kukaa dawati moja na mtoto wa chama kingine. Binti ya Fundi, mwenye miaka minane, alianza kushika tumbo kila asubuhi.

"Linauma," alisema.

Walimpa dawa ya minyoo. Tumbo liliendelea kuuma.

Fundi naye hakuwa mzima, ila hakumwambia mtu. Alishika simu kabla ya kunawa uso. Alisoma matusi, akajibu matusi. Kila simu ilipotetemeka, moyo ulimdunda. Usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu. Chakula kilikuwa kama karatasi mdomoni.

Asubuhi moja walikuwa wakinywa chai. Binti aliuliza ghafla, "Baba, mjomba ni adui?"

"Nani amekwambia maneno hayo?"

"Wewe. Ulisema Daraja wote ni maadui. Mjomba si ni Daraja?"

Mkewe aliweka kikombe chini. Kwa miezi mitatu mama huyo alikuwa katikati, huku mume, huku kaka. Kichwa kilimgonga kila siku.

"Mjibu, baba watoto," alisema taratibu. "Mtoto amekuuliza."

"Kila mtu humu ndani ananihoji mimi!" Fundi alipiga meza. Chai ikamwagika. Binti akajikunyata na kuinua mkono mbele ya uso wake.

Fundi aliuona mkono ule. Hakuwahi kumpiga mtoto huyo hata siku moja. Akachukua viatu vyake, akatoka.

Siku hiyo walikuwa na kioo cha duka la viatu. Walikinyanyua bila neno. Fundi alikuwa anarudi kinyumenyume, Kipimo alikuwa mbele yake akiangalia njia. Sakafuni, karibu na mlango, mtu alikuwa amepiga deki na kuacha maji. Simu ya Fundi ikatetemeka mfukoni. Moyo ukaruka. Mguu wake ukakanyaga maji.

Kioo kilipasuka kwa mshindo. Kipande kimoja kilimchana Fundi mkono, kutoka karibu na kiwiko hadi juu kidogo ya glovu. Damu ilitoka kama maji ya bomba.

"Usiangalie!" Kipimo alipiga kelele. Alivua shati lake, akalikunja, akalikandamiza kwenye jeraha kwa mikono yote miwili. Hakuliachia hadi walipofika zahanati.

Muuguzi wa hapo alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nzito. Alisafisha jeraha, akapiga ganzi, akaanza kushona. Kabla ya hapo alikuwa amempima presha. Sasa alimwambia, "Presha yako iko juu. Si ya kidonda tu hii. Unalala vizuri?"

"Nalala."

"Unakula?"

"Nakula."

"Unagombana na watu?"

Fundi alimtazama kwa mashaka. "Kwani wewe uko upande gani?"

"Upande wangu ni huu wenye sindano," muuguzi alijibu. "Kwa hiyo niambie ukweli."

Fundi akataka kucheka, badala yake machozi yakamlengalenga. Akamweleza yote: simu, moyo, usingizi, hata mkono wa mtoto uliokinga uso.

"Hujarogwa na wala huna wazimu," muuguzi alisema. "Mwili wako unadhani uko vitani. Mwili haujui kama adui yuko mlangoni au yuko ndani ya simu. Unajiandaa kupigana kutwa nzima. Moyo unadunda, misuli inakaza, usingizi unakimbia. Siku moja si neno. Miezi mitatu inavunja mtu."

"Basi mimi ni mgonjwa?"

"Umeelemewa. Tena si peke yako. Tangu kampeni zipambe moto, hapa naletewa watu wenye vichwa vinavyouma na vifua vinavyobana. Naletewa watoto wenye matumbo ambayo dawa haiyasaidii. Mtaa ukigawanyika vipande viwili, kila mtu anaishi kwa hofu. Humwamini kinyozi, humwamini mwalimu, humwamini ndugu. Mtu akiwa na shida hana pa kuipeleka. Hapo mtaa mzima unaumwa."

Kipimo alikuwa amesimama mlangoni, kifua wazi, damu imemkaukia mikononi.

"Dada muuguzi," alisema, "nina jambo." Kisha akamgeukia Fundi. "Shemeji, yale maji niliyaona."

"Niliona, nikanyamaza. Nilitaka kusema 'maji', lakini nikajiambia, mimi na huyu hatusemezani. Ni sekunde moja tu. Nikanyamaza."

Damu ya Fundi ilichemka. Alitaka kuinuka. Muuguzi alimshika bega.

"Tulia. Sijamaliza kushona."

"Umesikia alichosema?"

"Nimesikia. Na wewe sikia. Angekuwa adui yako, angekwambia?"

Fundi alikaa. Alihema kama mtu aliyepanda mlima. Muuguzi akamwelekeza avute pumzi taratibu kwa pua na kuitoa polepole zaidi kwa mdomo. Mara tano. Kipimo naye, pale mlangoni, akavuta na kutoa, bila kuambiwa.

"Sasa tufanyeje?" Kipimo aliuliza. "Tuache siasa?"

"Sijasema hivyo. Kura ni haki yenu. Kuchagua vyama tofauti si ugonjwa. Ugonjwa ni kumwona mtu kama chama tupu, asiye na mke, asiye na njaa, asiye na sababu." Muuguzi alikata uzi. "Anzeni na simu. Habari mara moja au mbili kwa siku zinatosha, na ziwe za chombo unachokijua. Kundi la matusi, tokeni. Mimi mwenyewe nilitoka kwenye la ukoo wetu. Siku ya kwanza vidole viliniwasha, siku ya nne nikalala."

"Na tukikutana?"

"Kabla ya kubishana, ulizaneni: kwa nini wewe unaona hivyo? Halafu umwache mwenzio amalize. Usimkate kauli. Ukiona damu inapanda, sema 'tuishie hapa', uende ukatembee. Na mtoto," alimtazama Fundi, "mwombe radhi kwa maneno. Watoto wanashika tumbo pale wanapokosa maneno."

Akaongeza, "Wiki mbili zikipita hulali, huna raha na kitu chochote, rudi hapa. Ukiona unawaza kufa, au kumdhuru mtu, usingoje wiki wala siku. Mwambie mtu, mje hapo hapo. Hili linatibika."

Jioni ile Fundi alipiga magoti mbele ya binti yake, mkono umefungwa bandeji.

"Mjomba si adui," alisema. "Baba alikosea. Na nilikosea kupiga meza."

"Utapiga tena?"

"Sitapiga."

Binti alifikiri. "Na shuleni? Wanasema nisikae na rafiki yangu."

"Kaa naye. Kesho nitakuja nimwone mwalimu wenu." Na kweli alikwenda, na mwalimu akapanga madawati upya.

Mambo hayakunyooka kwa siku moja. Jumapili Kipimo alikuja kumtazama, na baada ya dakika kumi sauti zilikuwa juu. Mkewe Fundi aliingia kati. "Ulizaneni! Si mliambiwa muulizane?"

Walitazamana kwa aibu. Fundi ndiye aliyeanza. "Haya. Kwa nini Daraja?"

Kipimo akajibu, "Mke wangu alijifungua njiani, kwenye mvua. Hospitali ilikuwa mbali, na barabara ilikuwa imekatika. Mtoto hakuishi. Daraja ndio pekee waliotaja barabara ile."

Fundi alikuwepo kwenye mazishi yale. Hakuwahi kuyaunganisha na kura. "Mimi niko Kengele kwa sababu ya kodi ya vioo," alisema kwa sauti ya chini. "Walisema wataipunguza."

"Hilo nalo ni jambo," Kipimo alisema.

Hakuna aliyehama chama siku hiyo. Lakini Jumatatu boksi la kuandikiana lilitupwa. Baada ya mwezi mmoja Fundi alirudi zahanati, na presha ilikuwa imeshuka. Alikuwa analala. Mkewe alisema kichwa hakijamuuma wiki nzima. Binti alikuwa anakwenda shule bila kushika tumbo.

Kura zikapigwa. Siku ya tatu, saa nane mchana, matokeo yakatangazwa. Kengele walishinda.

Mtaa ulilipuka. Vijana na watu wazima walitoka na kengele mikononi, wakipiga na kuimba. Fundi naye alitoka. Furaha ilimjaa, kwa nini asifurahi? Lakini alipofika kona, alimsikia mmoja akisema, "Twendeni kwa Kipimo! Tukamchezee mlangoni, aisikie kengele vizuri!"

Fundi hakungoja. Alipita njia ya uchochoroni, akafika kwanza, akasimama mbele ya mlango wa shemeji yake.

Kundi lilikuja na vumbi.

"Fundi! Ongoza wimbo, wewe ni wa kwetu!"

"Mimi ni wa kwenu," alisema. "Hapa hapachezwi. Uwanja ni mkubwa, nendeni uwanjani."

"Humo ndani si kuna Daraja?"

"Humo ndani kuna shemeji yangu."

Mtu mmoja alisogea mpaka Fundi akanusa pumzi yake. "Wamekupa nini?"

Moyo ulimdunda. Ngumi ilijikunja yenyewe. Fundi alivuta pumzi kwa pua, akaitoa polepole. "Nimepiga kura kama wewe," alisema. "Nimeshinda kama wewe. Huyu kesho nitafanya naye kazi. Na wewe dirisha lako likivunjika utatuita sote wawili."

Mmoja nyuma akacheka. "Hapo kasema kweli." Kicheko kilifungua kitu. Kundi liligeuka kidogo kidogo, likielekea uwanjani.

Fundi akabisha hodi, akaingia. Kipimo alikuwa amekaa kitini, simu imezimwa, mikono magotini. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umekuja kunicheka?"

"Hapana."

"Basi usiniambie kitu wala usinifariji. Leo sitaki kusikia habari za uchaguzi."

"Sisemi kitu."

Fundi alivuta kigoda, akakaa karibu naye. Kengele zilisikika kwa mbali. Walikaa hivyo muda mrefu, mpaka pumzi za Kipimo zikatulia.

"Shemeji," Fundi aliuliza, "tangu asubuhi umekula?"

Kipimo alitikisa kichwa.

"Basi inuka. Dada yako ameshapakua."