Mchanga Usiokubali Nyasi

Jumapili alasiri, Ottmar Hunold alipowasha kompyuta yake, alikuta ule ukanda wa mchanga umerudi.

Jana yake aliufuta mwenyewe. Ndani ya mchezo wa kuendesha treni alikuwa anaijenga upya reli ya kijiji chao kama ilivyokuwa zamani, kabla Ujerumani haijakatwa vipande viwili na mpaka kupita juu yake. Chama kizima cha wapenda treni kilimsifu kwa ardhi. Wengine walipaka nyasi hapa, kokoto pale, na mahali vilipokutana pakaonekana kama kiraka cha suruali. Ottmar alichukua brashi pana, akaipunguza nguvu, akapaka nyasi juu ya udongo tabaka baada ya tabaka, hata usijue kimoja kinaishia wapi. Kazi ya kuficha aliijua. Alikuwa askari wa mpaka upande wa Mashariki miaka tisa, na kazi yake kila asubuhi ilikuwa kupiga reki mchanga kando ya uzio, ili anayetoroka kwenda Magharibi aache nyayo.

Akapaka tena. Nyasi zikashika, zikatulia, kisha zikazama mbele ya macho yake. Mchanga ukatokea na mistari yake ya reki, na juu yake nyayo. Mguu wa kulia ulikanyaga. Wa kushoto uliburutwa.

"Ottmar! Kahawa inapoa!" mkewe Roswitha aliita kutoka jikoni. "Hiyo treni yako haina abiria, itakusubiri!"

Akaja na sahani ya keki. Ottmar akazima kioo haraka.

"Mzee mzima unanificha nini?"

"Hakuna kitu."

"Mbona humu ndani mnanuka mchanga mbichi?"

Roswitha alikuwa na kaka mmoja tu, Burkhard, aliyetoroka vuli ya mwaka 1983. Ottmar ndiye aliyemletea habari: nyayo zimevuka, kaka yako yuko Magharibi, ataandika. Mpaka ulipofunguliwa, Roswitha alizunguka miji kumi na mmoja akimtafuta. Hadi leo, kila siku saa tano, hufungua sanduku la barua langoni, na Ottmar humtazama dirishani. Moyo wa mtu yule ulikuwa jiwe, nasema wazi.

Maana Burkhard hakuvuka. Aliruka uzio wa kwanza akavunjika mguu, na alfajiri ya ukungu shemeji yake akamkuta kwenye tuta la reli, mzima, akimwita kwa jina. Kumsaidia ni jela. Kumkamata ni kumpoteza mke. Ottmar alikuwa na sepetu. Alipomaliza kumfukia, akapiga reki, tena vizuri sana.

Wiki ile nyayo zilisogea. Jumatatu zilishuka tuta, Jumanne zikapita stesheni, Jumatano zikaingia mtaa wao wenyewe, alioujenga hadi lango la bluu la nyumba yao. Treni ikisimama, spika zilitoa kwaruzo la reki, polepole, kwenda na kurudi. Ottmar akamwita Padri Kaufhold, akamweleza yote kwa kunong'ona.

"Mwambie mkeo," padri alinong'ona naye, uso umempauka. "Hicho kitu hakitaki kingine."

"Padri, wewe nyunyiza maji tu."

Padri akanyunyiza, akaondoka bila kunywa kahawa. Nyasi zikakubali. Ottmar akalala usingizi wa mtoto.

Kesho yake alirudi kutoka kununua mkate akamkuta Roswitha ameketi mbele ya kompyuta. Kwenye kioo ilikuwa nyumba yao. Nyayo zilikoma mlangoni.

"Angalia kisigino," alisema taratibu, kidole kikiwa juu ya kioo. "Misumari mitatu, pembe tatu. Baba, na ufundi viatu wake wote, aliwapigia hivi watoto wake tu, mteja hata mmoja hakupigiwa."

"Roswitha, sikiliza..."

"Nyamaza. Burkhard ameshanieleza."

Nyuma ya Ottmar, ukumbini, kitu kilikanyaga kikaburuta, kikakanyaga kikaburuta, na harufu ya mchanga mbichi ikamjaa puani hata akashindwa kugeuka, na alipotupa macho kwenye kioo aliona tuta la reli, na juu ya tuta mzee mmoja mdogo ambaye hakuwekwa na mtu, ameshika reki, amevaa sweta la kijivu alilovaa yeye asubuhi hiyo.

"Umenionyesha mara mia," Roswitha alisema, akishika kipanya. "Brashi pana. Nguvu kidogo."

Akapaka nyasi miguuni pa yule mzee. Ottmar akahisi baridi ikimjaa viatuni, nzito, ikipanda. Tabaka la pili likafika magotini. Akamwita mkewe kwa jina, kama alivyoitwa yeye alfajiri ile, na Roswitha hakuharakisha. Alilainisha kingo zote, kifuani, shingoni, mdomoni, mpaka pasionekane pa kuungania.

Chama kiliisifu sana reli ile. Wanachama husema tu kwamba kwenye tuta, ukisimamisha treni, spika hukwaruza.

Majirani walipouliza, Roswitha aliwakaribisha keki.

"Ottmar? Amekwenda Magharibi," aliwaambia. "Ataandika."

Saa tano ilipogonga, hakwenda kwenye sanduku la barua.