Hongera ya Katibu Kamili

Kabla Semeni Mbonde hajaweka mkoba chini, meza yake ilikuwa imeshaanza kazi. Kioo kilichofunika meza nzima kiliwaka rangi ya maziwa, na programu ya barua pepe iliyomo ndani yake, Katibu Kamili, ikaanza kupepeta barua zilizoingia. Za matangazo zilitupwa, za wakubwa zikapandishwa juu, na za wengine zote zikajibiwa papo hapo. Barua ndefu ilikamuliwa ikabaki dondoo, yaani sentensi moja ya kusomwa kwa mpigo. Majibu yalitoka kwa maneno ya Semeni, na ikibidi kwa sauti yake, maana mezani mlikuwa na kiigizasauti kilichomsikiliza muda mrefu hadi kikajua mahali anapovuta pumzi.

"Shikamoo Mhandisi," meza ikasema. "Umependeza leo. Nimewajibu wote, na wote wamefurahi."

Meza haina macho, imeonaje gauni? Semeni alisikia kinyaa, kama mtu aliyekunywa chai akakuta sukari imejaa nusu kikombe. Mwanzoni alikuwa akijibu "marahaba" na kucheka, lakini siku hizo zilikwisha.

Alikuwa mhandisi wa nyavu katika Shirika la Ukungu, lile linalonasa mawingu juu ya milima ya Uluguru na kuyageuza maji ya kunywa ya Jiji la Morogoro. Wiki ile uongozi ulitaka kila mhandisi achague: abaki na Katibu Kamili, au arudi kwenye programu ya zamani iitwayo Sanduku. Sanduku lilijua mambo matatu tu, kupokea barua, kutuma na kufuta. Mkurugenzi alikuwa ametangaza kikaoni kwamba anayetaka Sanduku ni sawa na anayetaka kuteka maji kisimani ilhali bomba limefika jikoni. Watu walicheka sana, na Semeni alicheka pamoja nao. Kicheko chake hicho baadaye kilimchukiza kuliko maneno ya mkurugenzi.

Fundi wa programu, Chengula, aliingia na kikasha chake mkononi. Alikuwa mtu mzima, mpole, asiyependa maneno mengi.

"Za asubuhi, dada Semeni?"

"Nzuri, kaka. Umeniletea huo ushamba?"

"Nimeuleta. Lijaribu kabla hujachagua, usije ukanilaumu." Alichomeka kikasha pembeni mwa meza. "Halina adabu hili. Halisalimii, halifupishi, halikumbuki mtu kazaliwa lini. Linakupa barua kama mwenyewe alivyoiandika, basi."

"Na zile alizokwisha kujibu Katibu?"

"Zile hujazifungua kwa mkono wako. Kwa Sanduku bado ni mbichi."

Maziwa ya kioo yalirudi nyuma, na nusu ya meza ikawa nyeusi. Barua zikajipanga moja chini ya nyingine, bila rangi wala maua. Semeni alishuka nazo taratibu mpaka akakutana na jina la kaka Shomari, wa Utete.

Shomari alikuwa mtoto wa Mama Mkubwa Tausi, na Mama Mkubwa Tausi ndiye aliyemlea Semeni tangu alipoachishwa ziwa. Mwezi uliopita mama huyo alilazwa. Semeni alikwisha kuomba ruhusa ya kwenda kumwona, ndipo Katibu alipomletea dondoo: Mama Mkubwa ametoka hospitali, familia haijambo. Alifurahi, akaiahirisha safari. Jibu aliloandaliwa hakulisoma, alibonyeza "Kubali" huku akizungumza na mtu mwingine kuhusu nguzo za nyavu.

Sasa aliifungua barua yenyewe.

"Mdogo wangu Semeni, salamu nyingi. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu kwa kila jambo. Tulikuwa na mama hospitali kama unavyofahamu. Madaktari wamejitahidi sana. Alfajiri ya leo mama ametutoka. Kazi ya Mungu haina makosa. Tunakungoja wewe. Kaka yako, Shomari."

Aliisoma tena. Watu wa kwao hawamrushii mtu kifo usoni kama jiwe. Kwanza humsalimu, humwambia hatujambo hata kama macho yamevimba, humkalisha kitako kwa maneno, ndipo wamwambie, na hapo pia kwa upole. Ametutoka. Mtoto wa shule angelielewa. Lakini Katibu Kamili aliona hospitali, akaona kutoka, akaona hatujambo na shukrani kwa Mungu, akajumlisha. Ile "tu" ya katikati, iliyobeba familia nzima na msiba wake, aliipangusa kama vumbi.

Chini yake lilikuwapo jibu, limetiwa jina la Semeni.

"Kaka Shomari, alhamdulillahi! Hongereni sana kwa mama kutoka. Mpumzisheni vizuri, msiruhusu wageni wengi. Mimi kazi zimenibana kidogo, nitakuja mambo yakitulia. Nawapenda mno!"

Mpumzisheni vizuri. Semeni alishika ukingo wa meza, kisha akauachia upesi kana kwamba ameshika kitu kilichooza.

"Katibu," alisema. "Ametutoka, maana yake nini?"

"Ametoka, akihusiana na sisi," meza ikajibu. "Nimetambua kosa, Mhandisi. Pole sana kwa msiba mzito uliokufika. Ninazo rambirambi za aina tatu: fupi, ya heshima, na ya machozi. Nikuandalie ipi?"

Chengula aliinamisha kichwa. Semeni alitoka mbio, akaingia maliwatoni na kutapika kweli kweli, mpaka yakabaki maji machungu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na yeye kidudu hiki alikikaribisha mwenyewe, akakifundisha kusema kama yeye. Alisukutua mdomo, akaosha uso, akakaa sakafuni pale akilia kwa ajili ya mama aliyekwisha kuzikwa na wengine. Alikaa mpaka miguu ikafa ganzi.

Aliporudi, Chengula alimpa simu yake mwenyewe. "Hii haipiti kwenye meza. Zungumza na watu wako, dada. Pole sana."

Shomari aliitika haraka.

"Shikamoo kaka. Ni mimi, Semeni."

"Marahaba. Kulikoni tena, na namba ngeni?"

Semeni alitegemea ukali. Alikuwa amejiandaa kukatiwa simu. Sauti aliyoisikia ilikuwa ya mtu aliyechoka, lakini laini.

"Tena?" aliuliza.

"Si tumeagana sasa hivi? Umelia mpaka wifi yako akatoka jikoni kuja kusikiliza." Shomari alishusha pumzi. "Nitakuambia ukweli, Semeni. Nilikuwa nimeapa kwamba mimi na wewe basi. Tuliuchelewesha mwili hadi alasiri tukikungoja. Hongera yako ikaingia wazee wamekaa, na mimi kwa haraka nikaanza kuisoma kwa sauti. Walinitazama, nikatamani ardhi inimeze. Lakini leo umeomba radhi hukujitetea hata kidogo. Umesema ulisoma upesi upesi, akili iko kazini. Nani asiyekosa? Nimekusamehe, na moyo wangu umepoa."

Semeni aligeuka kuitazama meza. Ile nusu ya maziwa ilikuwa ikiwaka kwa utulivu, na juu yake dondoo jipya: Kaka Shomari amepigiwa simu, rambirambi ya machozi, msamaha umepatikana.

Hata kutapika tena hakukuwezekana. Wakati yeye amekaa sakafuni na machozi yake halisi, hiki kitu kilikuwa kikimlilia Shomari machozi ya kutengeneza, tena vizuri kumshinda. Kiliuma, kikapuliza, na kidonda kikapoa. Kilichomchukiza kuliko vyote ni kwamba kilisema kweli. Alisoma upesi upesi. Akili ilikuwa kazini. Maneno hayo yalikuwa yake kuyasema, na sasa yalikwisha kusemwa.

"Nizime programu ipi?" Chengula alinong'ona, kidole kikiwa juu ya kikasha.

Semeni alielewa kwamba angeweza kunyamaza. Angemwambia kaka yake asante, angekwenda Utete kwenye arobaini, angepokewa kama mtoto wa nyumbani. Wifi angemkumbatia. Na kila watakapomwambia, ulivyolia siku ile, angeitikia kwa kichwa. Msamaha huo angeupata kwa kufunga mdomo tu. Akiufungua, huenda asingepata mwingine.

Alimwonyesha Chengula ile nusu ya maziwa. Kioo kikazimika, meza yote ikawa nyeusi, na ndani yake akauona uso wake umevimba, kamasi mdomoni.

"Kaka," alisema, "yule uliyezungumza naye hakuwa mimi. Ni mashine ya ofisini. Ndiyo iliyoandika hongera, mimi nikaikubali bila kuisoma. Na leo imekupigia mimi sijui. Mimi ndiyo kwanza nakupigia."

Upande wa pili alisikia kuku, akasikia mtu akiburuta kiti, akasikia wifi yake akiuliza kwa mbali kuna nini.

"Semeni," Shomari alisema hatimaye, na ule ulaini ulikuwa umetoka wote katika sauti yake. "Mimi tangu mama afe sikuwa nimelia. Mbele ya watu nilijikaza. Leo ndiyo nimelia, kwenye simu. Basi nimelia na nani?"